Ovataimu isiyonunua unga



Kila nikitaja watu wanaofanya kazi maktaba za serikali huku Marekani, jibu ni lile lile: hao wanakula nchi, ovataimu ya dola si mchezo! Jamani, ngojeni niwaambie.

Sheria ya kazi ya mwaka 1938 inasema ukizidisha saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada inalipwa kama saa moja na nusu. Kampuni binafsi lazima itoe fedha. Februari 1985 Mahakama ya Juu ikasema haki hiyo ni ya wafanyakazi wa majimbo na miji pia. Wakubwa wa miji wakalia kuwa watafilisika, na Novemba mwaka huo huo Bunge likawafungulia mlango wa uani: serikali hizo zinaweza kukulipa kwa likizo badala ya fedha. Karani wa maktaba anaweza kulimbikiziwa hadi saa 240 kabla hawajalazimika kutoa hela. Wiki sita nzima!

Mwenye nyumba hapokei likizo. Muuza unga hapokei. Western Union nao hawapokei, kwa hiyo mnaosubiri chochote mnielewe.

Eti ni makubaliano. Makubaliano gani? Kanuni zinaruhusu yawe sharti la kuajiriwa, ukikataa kazi huna. Ukiomba siku zako, bosi anaweza kukunyima akisema kazi itavurugika mno. Lakini akitaka yeye, anakulazimisha uzitumie. Mahakama ya Juu ilimruhusu mwaka 2000, kesi ya Christensen na Harris County. Akiba yako, ufunguo anao yeye.

Wakutubi wenye shahada ya uzamili ndio kabisa. Wanahesabiwa wataalamu, na mshahara ukifika dola 684 kwa wiki sheria ya taifa haiwadai waajiri hata hiyo likizo. Umesoma zaidi ili ufanye Jumapili bure! (Penye chama cha wafanyakazi chenye nguvu mkataba huwa afadhali, nakiri.)

Sipingi likizo. Wapo wazazi wanaoitaka kuliko hela. Basi mfanyakazi aulizwe kila mara: pesa au mapumziko? Kama mwenye duka amekatazwa, serikali imeruhusiwa kwa lipi?

Na ukiacha kazi, saa ulizobakiza lazima ulipwe taslimu. Yaani jasho lako unaliona siku unayofungasha.