Tarehe za chama si za kukisiwa na kompyuta

Leo nina lalamiko kuhusu lahajedwali, iwe Excel au nyingine unayotumia.

Hapa Huruma, Eldoret, mweka hazina wa chama hupokea ujumbe wa M-Pesa, kisha ananakili tarehe na kiasi kwenye kompyuta. Ujumbe huo hutanguliza siku: 5/6/24 ni tarehe 5 Juni 2024. Lakini kompyuta iliyobaki na mipangilio ya Kimarekani (zile za mitumba hasa) hutanguliza mwezi. Basi mama aliyekopa 5 Juni anaandikwa kuwa alikopa 6 Mei, na faini ya siku 30 inamwangukia bure.

Mtu ataniambia, si ubadilishe tu fomati ya seli? Haisaidii. Ndani ya seli ya Excel hakuna tarehe, kuna namba. 1 Januari 1900 ni 1, na siku zinahesabiwa kuanzia hapo. 6 Mei 2024 ni 45418, 5 Juni ni 45448. Fomati ni nguo tu. Ukiivalisha 45418 nguo ya Kikenya, itabaki 6 Mei.

Kinachoniudhi zaidi ni 25/6/24. Hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo programu inaiacha kama maandishi bila kusema neno. Safu moja, baadhi tarehe za uongo, baadhi maandishi! Kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe hukaa upande wa kulia na maandishi kushoto. Angalia hapo kwanza.

Namba ya simu nayo si namba, kwani nani huijumlisha? Ukiandika 07 na kuendelea, sufuri ya mbele inaliwa. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 inaumia zaidi: Excel hushika 15 tu, ya mwisho inageuka 0 na hairudi.

Wako wanaosema mweka hazina akajifunze kompyuta. Sikubali. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe. Microsoft walileta swichi ya kuzima baadhi ya makisio hayo mwaka 2023. Ikiwa wanasayansi walisalimu amri, mama wa chama ana kosa gani? Programu ikiwa na shaka, iulize.

Kwa sasa, weka eneo la kompyuta liwe Kenya kabla ya kuandika chochote, au andika 2024-06-05, ambayo haina utata. Safu ya simu ifanye ya maandishi mapema. Na kama orodha imeshaharibika, usiipange upya kwanza; fungua jumbe za M-Pesa, linganisha mstari kwa mstari.