FAINI HAIZALISHI



Wakubwa wana dawa moja kwa kila maradhi ya raia, nayo ni faini. Katika baadhi ya vijiji vya Bara hata mama aliyezalia nyumbani hutozwa faini, kwa nguvu ya sheria ndogo zilizopitishwa na mabaraza ya huko. Tunasema bila ya kificho: sheria ya namna hiyo ni dhulma, wala isije ikavuka bahari ikatufikia Visiwani.

Huenda mwanachama akauliza, "Ya Bara yatuhusuni?" Yatuhusu. Tazameni Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wakaenda kujenga makazi huko. Kwa hivyo watu wa nchi ile si wageni kwetu. Hivi leo mjini Masasi ipo hospitali ya Mkomaindo. Hatuna ugomvi na Mkomaindo. Hospitali ni neema, na mama anaehitaji kupasuliwa hapasuliwi juu ya mkeka. Lakini Mkomaindo ni moja na vijiji ni vingi. Mfikirini mama wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako tangu zamani hata maji yalikuwa ya kuteremkiwa bondeni. Uchungu ukimshika usiku wa masika, mbele yake ipo njia ya utelezi, na ipo nauli. Huduma ya uzazi katika hospitali za Serikali imeandikwa kuwa ni bure, lakini nani asiyejua khabari ya mama kuambiwa aje na glovu zake, wembe wake na beseni lake? Mama huyo akimwendea bibi wa jirani, je, amevunja sheria au amevunjwa na umasikini?

Wakubwa watatusomea hisabu. Nasi twazijua. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa uzazi 63 katika kila 100 ulikuwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Twafurahi. Lakini watafiti waliofanya kazi katika mikoa ya Lindi na Mtwara walikuta kuwa baina ya mwaka 2007 na 2013 mama wanaozalia vituoni waliongezeka kutoka kama 4 katika 10 hata kama 8 katika 10, na vifo vya watoto wachanga havikushuka kwa kadiri hiyo. Maana yake ni wazi. Kumfikisha mama mlangoni ni jambo moja. Kumkuta mkunga ndani, mwenye dawa, maji na nafasi ya kumtazama, ni jambo jengine.

Wapinzani wetu watadai kuwa twataka kuwarudisha wanawake gizani. La hasha! Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, roho yaweza kutoka katika muda wa saa mbili, na bibi mwenye wembe na dua hana la kumfanya. Ndiyo maana twataka mkunga aliyesomeshwa awe karibu na mama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilisema kuwa dunia ina upungufu wa wakunga 900,000. Upungufu huo haujazwi kwa stakabadhi za faini.

Bara wanayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, inayotaka kila mkunga asajiliwe na awe na leseni. Hilo ni jema. Lakini sheria inayombana mkunga pasi na kuibana Serikali imweke pale wanapozaa watu ni nusu ya sheria.

Afya si jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi lina mamlaka kamili juu yake, wala hakuna wa kusingiziwa. Basi twadai sheria yenye mambo haya:

Kwanza, mkunga mwenye leseni aruhusiwe kufungua nyumba ya uzazi katika shehia, na Serikali imlipe kwa kila mama anaemhudumia.

Pili, mama asitozwe faini kwa pahala alipozalia.

Tatu, mama awe na khiari ya kuwa na mama yake, dada yake au mumewe wakati wa uchungu, na khiari ya namna ya kukaa anapozaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri hayo mwaka 2018.

Nne, mkunga wa jadi asifukuzwe kama mwizi. Apewe kazi ya kumsindikiza mama kwa mkunga aliyesomeshwa, na alipwe.

Tano, kila nyumba ya uzazi iwe na chombo cha kumkimbiza mama hospitali, kwa gari au kwa boti, usiku na mchana.

Kila tawi na liwaite wakunga wa shehia yake, liwasikilize, kisha limwendee Mwakilishi wake na kumwuliza yuko upande gani. Uchungu wa mwana aujuae mzazi. Na sheria za uzazi muda mrefu zimeandikwa na watu wasiozaa. Wakati wa kuwasikiliza wanaozaa ni huu.