HEWA SI SHAMBA LA MTU

Mwezi wa Agosti, 2018, mtu wa kijijini aliyewasha televisheni yake jioni ili apate taarifa ya habari alikuta kioo kitupu. Dishi lilikuwa palepale juu ya bati. Waya haukukatika. Fedha ya mwezi alikuwa amekwisha kulipa. Chaneli za Ulaya zilionekana, sinema za Amerika zilionekana, mpira wa Waingereza ulionekana. Zilizopotea ni chaneli za bure za kwao, zinazosema Kiswahili na kutangaza kutoka katika nchi yake mwenyewe. Mgeni alibaki sebuleni, mwenye nyumba akatolewa nje.

Baadaye chaneli za kwetu zilirudi katika madishi, nasi twashukuru. Lakini ndugu wasomaji, tusilale. Kitu kinachotolewa kwa amri na kurudishwa kwa amri hakijawa haki bado, ni hisani. Na mwenye kuishi kwa hisani hulala jicho moja likiwa wazi. Ndiyo maana twaandika leo, jambo likiwa limepoa, ili lisije likatushika tena hatuna la kusema.

Kwanza tuwe wakweli, maana gazeti hili halipiganii wananchi kwa uongo. Mamlaka ya Mawasiliano haikuzuka tu na fimbo mkononi. Ilisema hivi: stesheni iliyopewa leseni ya kutangaza bure lazima ionekane bure. Makampuni ya satelaiti yana leseni ya kuuza vipindi kwa malipo, basi hayana ruhusa ya kuchukua chaneli za bure na kuzifungia ndani ya vifurushi. Mwananchi kifurushi kikimwishia, chaneli ya bure nayo huzimika, na hapo amekwisha kuuziwa mali yake mwenyewe.

Hoja hiyo ni ya haki. Twaiunga mkono bila kusita. Anayekinga maji ya mvua kisha akamwuzia jirani kwa debe hana tofauti na mnyonyaji mwingine yeyote, hata akivaa suti na tai.

Lakini twauliza: dawa iliyotolewa ilikuwa dawa gani? Muuza maji alikatazwa kuuza, na mwenye kiu akaachwa na kiu yake. Kampuni ilipoteza nini? Iliendelea kukusanya fedha ya mwezi kwa ajili ya mpira na sinema. Aliyepigwa ni mkulima wa korosho na mvuvi wa kisiwani, ambao hawakuvunja sheria yoyote. Fahali walipigana, na nyasi zikaumia kama ilivyo desturi yake.

Wananchi wale waliambiwa wanunue king'amuzi cha antena. Rahisi kusema! Yule aliyesema hivyo bila shaka alikuwa amekaa mjini, chini ya mnara. Mnara wa televisheni hutupa mawimbi kama taa itupavyo mwanga: aliye mbele huona, aliye nyuma ya mlima hukaa gizani. Na nchi yetu si uwanja wa mpira. Ina Usambara, ina Uluguru, ina Uporoto, ina mabonde ambayo hata jua huchelewa kuyafikia asubuhi. Kufikisha mawimbi ya mnara katika kila bonde ni kujenga mnara juu ya mnara, na kila mnara una gharama yake, umeme wake, fundi wake na mlinzi wake.

Satelaiti haina habari ya mlima wala bonde. Imekaa juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi, ikizunguka sawasawa na dunia hata ikaonekana kama imesimama. Inapoangaza Kariakoo imekwisha kuangaza na Kibondo, kwa gharama ileile. Kijiji kimoja kikiongezeka chini yake, haiongezeki hata senti moja. Hii ndiyo ajabu ya chombo hiki: kwa mara ya kwanza maskini wa mbali na tajiri wa karibu wamewekwa sawa. Halafu binadamu akachukua kalamu akawatenganisha tena!

Wazee watakumbuka. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na sisi wa Bara hatukuwa na stesheni hata moja mpaka mwaka 1994. Katika miaka ile mtu wa pwani aliyekuwa na seti alielekeza antena yake baharini akanasa picha za Unguja. Nani alimwuliza, “Wewe wa huku una haki gani ya kutazama ya kule?” Mawimbi yalivuka bahari bila pasi, na umoja wetu haukupungua kwa hilo, bali ulizidi. Kisha tarehe 31 Desemba, 2012, mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Tukaambiwa tununue ving'amuzi; tukanunua. Tukaambiwa dunia imekuwa ya dijitali, tukaitikia. Je, tulinunua ili tuone zaidi au ili tuone kwa ruhusa?

Wako watakaosema kwamba vizuizi ndivyo vilivyo duniani, hata kwa wakubwa. Ni kweli. Tazameni Marekani, nchi inayotuhubiria uhuru kila kukicha. Huko nchi nzima imekatwa vipande 210 vya soko la televisheni, na ramani yake imechorwa na Nielsen, kampuni ya biashara inayopima watazamaji. Mtu akiwa ndani ya kipande fulani hupewa stesheni za kipande hicho. Akitaka habari za mji wa jirani, ambao labda ndio anakofanya kazi na ndiko waliko wazazi wake, huambiwa, “Hapana, wewe si wa soko lile.”

Sheria ya mwaka 1988 iliruhusu stesheni za mbali kupitia satelaiti kwa nyumba ambazo antena yake haipati mawimbi ya kutosha, tena kwa masharti. Mwaka 1999 makampuni ya satelaiti yaliruhusiwa kumpa mtu stesheni za kipande chake. Mwaka 2006 mahakama iliipiga marufuku kampuni moja kubwa isiuze tena stesheni za mbali kwa kuwa ilivunja masharti, na watu wengi wakakatiwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikapitishwa sheria nyingine, na sasa ruhusa ile ya stesheni za mbali imebanwa hata imebakia kwa madereva wa malori, wasafiri wenye nyumba za magurudumu, na sehemu zilizokosa stesheni ya mtandao fulani.

Matokeo yake ni nini? Wako Wamarekani, watu wazima wenye akili zao, waliolazimika kuisemea uongo nyumba yao. Nyumba iko kijijini, lakini katika karatasi za kampuni ya dishi wameandika anwani ya mjini, ili waone taarifa ya habari ya mji ule. Sheria inayomfanya mtu mwema awe mwongo kwa ajili ya taarifa ya habari ina kasoro ndani yake. Nasi tusiige kasoro kwa sababu tu imetoka ng'ambo. Tulikwisha kuiga mengi.

Sasa tazameni upande wa pili. Uingereza, mwaka 2003, BBC iliondoa kufuli katika matangazo yake ya satelaiti, na mwaka 2008 likaanzishwa dishi la bure linaloitwa Freesat. Mtu hununua chombo mara moja, hakuna malipo ya mwezi kwa kampuni ya dishi. Tena aliyekaa London aweza kufungua BBC ya Scotland au ya Wales akaona wenzake wa huko wanasema nini. Je, Uingereza ilizama baharini? La hasha. Na Ireland, walipobadili mitambo mwaka 2012, walijua kwamba minara haitafika kila mahali, wakaweka huduma ya satelaiti ya bure kwa ajili ya wale wachache waliobaki pembeni. Wachache! Hawakusema, “Hao ni wachache, na wangoje.” Sisi ambao wa pembeni ni wengi twangoja nini?

Tusikwepe na hoja za upande mwingine. Stesheni ndogo ya mkoani husema: watu wangu wakitazama stesheni za mji mkubwa, mwenye duka hataniletea tangazo lake, nami nitakufa. Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatuicheki. Lakini dawa yake ni kuipandisha na stesheni ndogo juu ya satelaiti, si kumfunga mtazamaji kitambaa machoni. Mtu wa Mwanza anayeishi Mtwara kwa kazi ataitafuta stesheni ya kwao kabla ya nyingine zote, na mwenye kutangaza biashara atalijua hilo upesi. Tena kuna neno la haki za mpira na sinema, ambazo hununuliwa kwa nchi moja moja. Sawa, vipindi hivyo na vifungwe vinapohitaji kufungwa. Lakini taarifa ya habari, Bunge, bei ya mazao, kipindi cha afya na hotuba za viongozi haviuzwi na klabu yoyote ya Ulaya. Hivyo vifungwe kwa sababu gani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu ya maisha yake na ya jamii. Haikusema kila mtu aliye karibu na mnara. Haikusema kila mtu ambaye kifurushi chake hakijakwisha.

Kwa hiyo sisi twadai mambo manne, na twayasema kinagaubaga.

Kwanza, chaneli zote zenye leseni ya bure ziwekwe juu ya satelaiti bila kufuli, ili mwenye dishi na king'amuzi azione pasipo kulipa kwa mwezi. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya watu ambao wafanyabiashara hawaoni faida kuwafikia. Hao ndio watu wenyewe!

Pili, kampuni yoyote inayobeba chaneli ya bure iiache wazi hata kifurushi cha mteja kikiisha. Itoze mpira wake, isitoze habari zetu.

Tatu, isitolewe tena amri ya kuzima kabla njia nyingine haijafika kijijini na watu kuiona ikifanya kazi. Daraja jipya kwanza, ndipo la zamani livunjwe.

Nne, stesheni za mikoa zisifungiwe mikoani. Tumejenga taifa moja. Haiwi kwamba Mmakonde na Msukuma wajuane kwa kusimuliwa tu.

Ndugu wanachama, jambo hili si la mafundi na mawakili peke yao. Lipelekeni katika mikutano ya matawi. Mwulizeni diwani wenu, na mbunge akija kuomba kura mwulizeni na yeye: usiku kijiji chetu chaona nini? Akijibu kwamba ni neno dogo, mwambieni kwamba aliye gizani hajui hata kilichoamuliwa juu yake, na ambaye hajui hawezi kukataa.

Ardhi ilikwisha kugawanywa na wenye nguvu, nasi tukatumia miaka mingi kuidai. Hewa haijagawanywa bado. Tusingoje izungushiwe ua ndipo tuanze kupiga kelele.

Hewa ni ya wananchi. Na wananchi waione!