TUSIZIBE PUMZI YA LORI LETU

Ndugu wanaushirika,

Lori letu lililala gereji siku nne mjini Korogwe, mahindi yetu yakiwa juu, turubai lenyewe lina matundu. Hilo wote mnalijua. Wengi hawajui sababu. Sababu siyo shetani, wala siyo jicho la mtu. Sababu ni kipande cha kitambaa na waya.

Tumeuliza, tumeambiwa, tukaenda kuona kwa macho. Mpira wa kupumulia wa injini, ule mafundi wanaouita briza, ulikuwa unadondosha oili. Injini ikachafuka, watu wakacheka. Basi mtu akaona dawa ni kuuziba. Akasokomeza kitambaa, akakaza waya, injini ikawa safi kama sahani ya mgeni. Tukasifu! Na sisi tunaoandika hapa tulisifu, hatujifichi. Safari ya pili tu, sili ya nyuma ya krenki ikatoka, oili ikamwagika, taa nyekundu ikawaka kabla lori halijafika mjini.

Sasa hebu tuelezane. Ndani ya injini moto unawaka juu ya pistoni. Ringi zinazuia moshi usishuke, lakini haziwezi kuuzuia wote, hata injini ikiwa mpya. Unaopenya unashuka kwenye sampu, unachanganyika na mvuke wa oili na wa maji. Hewa hiyo lazima itoke, na mlango wake ni mpira ule. Ukiuziba, hewa inajaa na kutafuta njia nyingine: inasukuma sili, inapasua gasketi, hata kijiti cha kupimia oili inakirusha juu. Chungu kinachochemka ukikigandamiza mfuniko, kitafanya nini? Akina mama wanalijua jibu kuliko aliyefunga waya ule.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo. Lakini pua siyo ufa, jamani!

Leo wapo wanaosema: toeni kitambaa, mpira uning'inie chini, oili idondoke itakavyo. Tunasema hapana. Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 za lami. Lami yenye oili ikipigwa na mvua inateleza, na wanaopita hapo kwa bodaboda ni watoto wetu. Tena lori linalala karibu na lambo. Sisi watu wa Handeni ndio wa kuchezea maji? Tumebeba madumu tangu utotoni, leo tuyatie oili wenyewe!

Wapo pia wanaosema: rudisheni mpira kwenye njia ya hewa ya injini, kama gari lilivyotengenezwa. Hao wana hoja. Injini nzima inatosha hivyo. Lakini ya kwetu imechoka, inatema oili nyingi. Oili hiyo ikimezwa inajaza masizi kwenye njia ya hewa. Na injini ya dizeli ikimeza oili nyingi inaweza kuifanya ndiyo mafuta yake. Hapo inanguruma yenyewe, unazima ufunguo haizimiki, inakimbia mpaka ivunjike. Nani atalipa?

Kwa hiyo tunataka kopo la kukingia oili, likae katikati ya njia ya mpira huo. Ni kopo la chuma la lita 2 au 3, limefungwa kabisa, lina mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea. Hewa inaingia, inapiga kibati kilichochomelewa ndani, mwendo unapungua, inapoa. Matone yanabaki chini, hewa inaendelea zake kurudi kwenye injini. Chini kuna koki ya kumwagia. Mchomeleaji yeyote mzuri analiweza.

Kuna kijana anasema hayo ni mambo ya magari ya mashindano. Kweli, na ndiyo sababu tuyaige. Sheria za kimataifa za mashindano zinadai injini inayopumulia nje iwe na chombo cha kukinga oili: lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Maana yake, oili ya mmoja isimwangushe mwenzake barabarani. Kama wanaokimbilia kombe wanawajali wenzao hivyo, sisi tunaobeba chakula cha kijiji tushindwe?

Lakini tusidanganyane. Kopo haliponyi injini. Ringi zikiisha zimeisha. Kopo ni shahidi. Likijaa kidogo kidogo, tunaendelea na kazi. Likijaa haraka kila safari, tujue injini inadai matengenezo makubwa, tuanze kuweka akiba mapema, siyo kusubiri siku ya kulala njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na shahidi huyu atasema jingine. Kila mwezi daftari linaandikwa: oili imenunuliwa, imeliwa na injini. Injini haina mdomo wa kujitetea. Kopo likiwepo tutajua kiasi gani kimetoka kwa briza, na kilichobaki tutauliza kilikwenda wapi. Hatumtaji mtu, maana hatuna ushahidi juu ya mtu. Tunauliza tu: anayepinga kopo anaogopa nini?

Sisi tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, na wapo waliotucheka. Lakini darasa lile lilitufundisha kwamba kinachoandikwa hakipotei. Basi mkutano wa Jumamosi tunapeleka haya:

1. Mpira wa kupumulia usizibwe tena na mtu yeyote, kwa kitambaa, kijiti wala waya.

2. Kopo litengenezwe na kufungwa mbali na bomba la moshi, mahali dereva anaifikia koki. Lisijazwe stilwaya ya kusugulia sufuria. Vinyuzi vikikatika injini itavimeza.

3. Mipira iwe ya kuhimili oili na joto. Ule wa kumwagilia bustani utalainika, utajikunja, na tutakuwa tumeziba tena. Upana usipungue ule wa zamani, usiwe na bonde la kutuamisha maji, na ufungwe kwa klampu.

4. Kila kopo likimwagwa, dereva na mtunza stoo wapime pamoja, waandike tarehe, kilometa na kiasi. Daftari likae ofisini, mwanachama yeyote alisome.

5. Kinachotoka ni oili, maji na masizi. Kisirudishwe kwenye injini, kisimwagwe chini, kisipakwe ng'ombe wala kidonda. Oili chafu inaweza kuleta saratani ya ngozi. Kiwekwe kwenye dumu lenye mfuniko.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Asiyekubali aje Jumamosi aseme mbele ya wenzake, siyo kilabuni.

Lori ni letu sote. Liacheni lipumue!

Ushirika ni nguvu.

Katibu