Stashahada ya Ufundi na Shahada ya Uhandisi: Pengo Kati ya 2.0 na 3.0

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka TAMISEMI inapotangaza majina ya wahitimu wa Kidato cha Nne waliochaguliwa kuendelea na masomo, macho ya wengi hukimbilia orodha ya Kidato cha Tano. Orodha ya vyuo vya kati husomwa baadaye, na katika baadhi ya familia husomwa kwa masikitiko, kana kwamba kijana aliyepangiwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha amefungiwa mlango wa kuwa mhandisi. Mlango huo haujafungwa. Una kizingiti, na kizingiti hicho hakizungumzwi vya kutosha.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mhitimu wa stashahada anaweza kuomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne. Stashahada yenyewe, hata hivyo, hupatikana hata kwa GPA ya 2.0. Mwenye 2.6 amehitimu kihalali na anaweza kuajiriwa kuwa fundi sanifu, ila hana sifa ya kuingia moja kwa moja katika shahada. Akilitambua hilo siku ya kujaza maombi amekwishachelewa, kwa kuwa alama zake ziliwekwa muhula baada ya muhula.

Hapa ndipo chuo kinapotofautiana na Kidato cha Sita, ambako mwanafunzi wa PCM hujiandaa kwa mtihani mmoja mkubwa wa Taifa. Chuoni, kila moduli ina tathmini endelevu: majaribio, mazoezi, ripoti za maabara na kazi za karakana, kisha mtihani wa mwisho wa muhula. Ripoti isiyokabidhiwa haisubiri mwezi wa mwisho ili ifidiwe. Katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, kila ngazi ya kufikia stashahada hubeba krediti 120, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,200, na sehemu yake ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe nje ya kipindi.

Jambo linalodharauliwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni hisabati. Mwanafunzi wa stashahada ya umeme hujifunza kufunga mota na kutafuta hitilafu kwa mikono yake, ustadi ambao mwenzake wa PCM mara nyingi hana. Lakini shahada haimuulizi tu boriti gani itabeba mzigo kwa mujibu wa jedwali. Humtaka aonyeshe kwa kalkulasi jinsi boriti hiyo inavyopinda na kwa nini jedwali limesema hivyo. Aliyeichukulia moduli ya hisabati kuwa ya kuvuka tu, hata akifikisha 3.0, atalipa deni hilo mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Serikali imepunguza uzito wa gharama. Bajeti ya mwaka 2023/24 ilitangaza kufutwa kwa ada kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya DIT, Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), na mwaka huohuo wa masomo mikopo ya HESLB ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Unafuu huo ni mkubwa, ila haumpi mtu alama.

Mzazi na mwanafunzi wafanye nini? Waufungue mwongozo wa udahili wa TCU, unaotolewa kila mwaka, kijana akiwa bado mwaka wa kwanza wa chuo. Humo kila programu imeandikiwa sifa zake. Chuo kikuu kinaweza kudai GPA ya juu kuliko 3.0, na hutaja aina za stashahada kinazozikubali. Stashahada ya fani moja ya ufundi haifungui kila shahada ya uhandisi.

Kwa aliyekwishahitimu chini ya 3.0, ipo programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, inayopokea wenye stashahada ya GPA kuanzia 2.0. Kabla ya kulipa ada, aulize kwanza katika chuo anachokusudia kusomea uhandisi iwapo sifa hiyo inakubalika kwa programu anayoitaka.