Neno la Bwana Shamba: Majani ya Uani Yapandwe Lini?



Mwezi huu tuzungumze habari ya kupanda majani uani. Watu wengi hufikiri majani hayo ni pambo tu. Ni kweli yanapendeza. Lakini yana kazi kubwa zaidi. Yanashika udongo usichukuliwe na maji.

Tazama nyumba zetu. Uwanja ni mtupu, na kila asubuhi tunaufagia. Mvua ikinyesha, maji ya paani huchimba udongo. Mwaka hata mwaka uwanja hushuka, na msingi hubaki wazi. Kama nyumba ni ya matofali mabichi, maji hula ukuta kutoka chini. Mwisho ukuta huanguka. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine huniambia, "Bwana shamba, mimi nilipanda, yote yakafa." Nikiwauliza walipanda lini, hujibu kuwa walipanda mwisho wa mvua, kazi za shamba zilipopungua. Sababu ni hiyo. Ukigawa shina la majani, mizizi mingi hukatika. Shina hilo linahitaji udongo wenye unyevu kwa majuma kadhaa ili litoe mizizi mipya. Likipandwa mwisho wa mvua, kiangazi hulikuta na mizizi mifupi. Hukauka.

Basi panda mwanzo wa mvua. Sehemu zenye vuli na masika, kama Kilimanjaro, Tanga na Pwani, panda masika yanapoanza, mwezi wa Machi. Sehemu zenye msimu mmoja, kama Dodoma, Singida na Iringa, panda mwezi wa Desemba mvua zikishika.

Usidanganywe na mvua ya siku moja. Chimba kwa jembe. Kama udongo una unyevu hata mwisho wa jembe, panda. Kama chini ni vumbi, ngoja.

Najua utasema, "Wakati huo tunapanda mahindi." Ni kweli, chakula kwanza. Kwa hiyo gawa kazi. Wakati wa kiangazi chimba mashimo, na uombe mbegu kwa jirani. Mvua zikishika, panda mahindi. Kisha, kabla ya palizi ya kwanza, panda majani saa za jioni. Anza na safu fupi ya hatua kumi.

Panda hivi:

1. Ukoka. Upande pale maji ya paani yanapoangukia. Kata vipande vyenye vifundo vitatu. Fukia vifundo viwili, kimoja kibaki juu. Lakini usiupande karibu na shamba. Ukoka ukiingia shambani, kuung'oa ni kazi ngumu.

2. Mchaichai. Upande kando ya njia. Gawa shina, kila sehemu iwe na machipukizi mawili au matatu. Kata majani yabaki urefu wa kiganja. Acha sentimita 60 kati ya shina na shina. Majani yake utatia katika chai.

3. Vetiva. Ipande penye mteremko. Safu ikate mteremko, isifuate maji yanakoelekea. Acha sentimita 15 tu kati ya shina na shina. Mizizi yake huweza kwenda chini mita 3, na hushika udongo sana.

Usipande majani marefu karibu na mlango wala ukuta, nyoka wasipate maficho. Ukoka nao ukatwe, uwe mfupi. Na mbuzi wafungwe mpaka majani yashike, maana wataling'oa kila shina.

Ninyi mnaosoma gazeti hili darasani, jadilianeni: Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi ambazo msingi wake uko wazi? Nani ana mbegu ya majani ya kutugawia? Andikeni majibu. Kisha chimbeni mashimo kabla mvua hazijafika.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.