Farasi Hapimwi kwa Saa Peke Yake

Wahenga walinena: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na wayasikie hayo wapimao farasi kwa saa pasi na kuuliza masafa.

Katika uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, ziko mbio ambazo farasi hodari hutwishwa uzito zaidi ili wanyonge nao wapate nafasi. Lakini hodari atajulikanaje, ikiwa huyu alikimbia mita 1200 na yule mita 2400? Kuzidisha wakati wa kwanza mara mbili ni dhuluma, maana pumzi hupungua njiani.

Hata wanadamu ni vivyo hivyo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alimaliza mita 5000 kwa dakika 12 na sekunde 37 mwaka 2004. Mwaka 2005 akamaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 17. Masafa yalizidi mara mbili barabara, wakati ukazidi mara mbili na dakika nzima juu yake. Mwenye punda wa maji hapa Matuu ayajua haya bila kalamu.

Kamari ni haramu, hilo halina mjadala; lakini kupima kwa haki si kamari. Ibn Umar amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliozoezwa kwa masafa marefu, na wasiozoezwa kwa masafa mafupi. Kila kundi na kadiri yake.

Basi asiyeuliza masafa humtwika mmoja mzigo wa mwenziwe.